Walio Shingoni Mwetu

Baada ya kuukimbia mji wetu wa Bakhdida kwa miguu, wenye bunduki walipouvamia, tulipewa nafasi kwenye ukumbi wa kanisa katika mji wa Ankawa, kila familia na pembe yake, mashuka ndiyo kuta. Mama mkwe wangu, Khatun, nilimbeba mgongoni kila magoti yake yalipogoma njiani. Tangu tufike alikuwa hajapata usingizi. Alikaa tu ameegemea ukuta, macho makavu, akishtuka kila mara mtu alipokohoa.

Mchana mmoja, tulipokwisha kunywa supu ya dengu, Shemasi Sliwa, aliyekuwa akitufundisha dini kule nyumbani, alisimama na kutusomea maombolezo ya nabii: kwamba wanaotufukuza wako shingoni mwetu, tumechoka, wala hatupewi nafasi ya kupumzika. Akaanza kufafanua kama alivyozoea. Adui hao, alisema, ni dhambi zetu.

"Shemasi, hebu ngoja," Yonan mwoka mikate alimkatiza. "Dhambi zangu nazijua moja moja. Hakuna hata moja yenye bunduki."

Watu wakacheka, kicheko cha kuishiwa nguvu.

"Ndivyo mababa wa kanisa walivyofasiri, Yonan."

"Na hao mababa walilala wapi jana?"

Sliwa akajifuta uso kwa kanzu ileile aliyotoka nayo nyumbani.

"Sijui," alisema hatimaye. "Nimeifundisha aya hii tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, leo naiona ngeni. Tazameni, hapa nabii hata haombi adui wapigwe. Anasema tumechoka. Basi. Labda hiyo nayo ni sala."

Ndipo tukasikia mkoromo. Khatun alikuwa amelala, mdomo wazi. Niliona aibu, nikamshika bega.

"Mwache, binti yangu!" Sliwa alininong'oneza. "Usimwamshe."

Akarudia kusoma aya ileile, taratibu, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Yonan akainamisha kichwa. Wanawake wawili majirani wakaegemeana. Mimi nilijikaza nibaki macho, nikashindwa.

Nilipozinduka jua lilikuwa limeinama. Sliwa alikuwa bado ameketi, kitabu kimemlemea mapajani. Khatun alikuwa akimtazama.

"Ulimaliza kutueleza, Shemasi?"

"Sikumaliza, mama."

"Si kitu. Njoo ulale."

Akajivuta pembeni, akalipigapiga godoro. Sliwa akajilaza na viatu vyake, akaugeukia ukuta. Mabega yalimtikisika kidogo, kisha yakatulia.