Vimelea Kumi na Vinne

Kompyuta ya maabara ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na haikuwa na intaneti. Utawala wa hospitali uliikata intaneti katika vyumba vyote vinavyotunza majibu ya wagonjwa, uamuzi ambao siupingi, ila uliniongezea safari. Kila faili niliyoihitaji niliipakua kwenye ofisi ya kumbukumbu, ghorofa ya pili, nikaitia kwenye flashi, nikashuka ngazi arobaini na nne, nikavuka ua wa kuanikia mashuka, nikaingia maabara. Kufikia saa tano asubuhi ya Jumatano nilikuwa nimeshuka mara sita na magoti yalikuwa yameanza kunisema.

Kazi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Hadubini ya maabara ina kamera juu yake. Kamera hupiga picha ya slaidi ya damu, na mimi, fundi wa kompyuta wa hospitali, nilikuwa nimeandika programu fupi ya kuhesabu vimelea vya malaria kwenye picha hiyo. Nyumbani ilikwenda vizuri. Hapa iligoma, kwa sababu ilitegemea maktaba ya kuchakata picha, yaani kifurushi cha kazi ambazo wengine wamekwisha kuziandika: kufungua picha, kuisafisha, kutenganisha rangi, kufuata ukingo wa kila doa. Bila maktaba hiyo, lugha niliyoiandikia programu haijui picha ni kitu gani.

Aliyenitia katika kazi hii alikuwa dada wa mke wangu. Ni mtaalamu wa maabara, na kwa miaka ishirini na sita amekaa mbele ya hadubini ya dirishani. Wenzake humwita Mama Jicho. Jina hilo alilipata siku alipokiona kimelea kimoja kwenye slaidi ambayo watu watatu walikuwa wameipitisha kuwa safi. Ndiye aliyeniombea kazi hospitalini miaka tisa iliyopita. Mimi namwita shemeji, naye ananiita shemeji, na kwa cheo hicho ana haki ya kunisimanga mbele za watu.

"Shemeji," aliniambia niliporudi na flashi mara ya sita, "mdogo wangu ulimchumbia kwa wiki mbili akakubali. Hicho kitu kinakushinda nini?"

"Mdogo wako yuko mmoja. Hiki kina matoleo thelathini."

Mwenzake wa meza ya pili, tunayemwita Mrefu, alicheka bila kuondoa jicho kwenye hadubini yake.

Ijumaa wangekuja wakaguzi na slaidi kumi. Kila msomaji angezisoma zote, na atakayekosea tatu angeondolewa kwenye hadubini. Lakini mkuu wa maabara alikuwa ametoa nafasi: programu ikiwa tayari kabla ya siku hiyo, na msomaji mzoefu akiithibitisha kwa sahihi yake, majibu ya malaria yangeanza kutoka kwa programu na jaribio la macho lingeahirishwa. Shemeji alikuwa amenieleza haya Jumapili, sebuleni kwetu. Alisema slaidi zimefika mia na kumi kwa siku na macho yanachoka. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na akiondolewa kwenye hadubini angepelekwa dirisha la mapokezi kubandika namba kwenye chupa. Mke wangu alinitazama kwa namna isiyoacha nafasi ya kukataa. Sikujiuliza kwa nini mtu anayeitwa Mama Jicho aogope slaidi kumi.

Kifurushi cha kwanza kilikuwa cha toleo jipya la lugha, na kompyuta ilikuwa na toleo la zamani. Cha pili kilitaka kichakataji cha kisasa zaidi. Cha tatu kilikubali kuingia, kisha kikadai maktaba nyingine ya mahesabu itangulie, nayo ikadai yake, kama mgeni anayekataa kuketi mpaka ndugu zake wote wafike. Nilipoona hivyo niliamua kuijenga maktaba hapo hapo kutoka kwenye maandishi yake asilia, kazi ambayo kwa kompyuta ile ni ya saa mbili.

Kabla ya kuanza kujenga, maktaba huikagua kompyuta na kutoa jedwali refu la vitu ilivyovikuta na ilivyovikosa. Nililiona likipita. Mistari kama themanini, mingi ikiishia na NDIYO, michache na HAPANA. Nilikuwa nimechoka, na nilichotaka kujua ni kama itajengeka. Nikabonyeza iendelee.

Kwa saa mbili asilimia zilipanda kama maji ya mtungi unaojazwa kwa kijiko. Feni ya ndani ya kompyuta ilikuwa mbovu, hivyo niliivua ganda lake na kuielekezea feni ya mezani, ambayo plagi yake ilikuwa inalegea kila anayepita akiugusa waya. Shemeji aliendelea na slaidi zake. Nilimwona akichukua fomu ya mgonjwa, anaisogeza karibu na uso, anaisoma yote, ndipo anaweka slaidi. Mrefu alikuwa anaweka slaidi kwanza. Niliiona tofauti hiyo na sikuipa maana yoyote.

Saa saba na dakika kumi skrini iliandika kwamba usakinishaji umekamilika.

Utaratibu wa kuthibitisha niliupanga mwenyewe: picha inafunguliwa, msomaji anahesabu, jibu linaandikwa, ndipo programu inahesabu, ili mmoja asimfuate mwenzake. Shemeji alivuta kiti mbele ya skrini. Niliamuru programu ifungue picha ya kwanza, na papo hapo feni ya mezani ikazima. Niliinama chini ya meza kuishika plagi.

"Iko?" niliuliza kutoka huko chini.

"Iko."

"Hesabu."

Ilipita kama dakika moja na nusu, muda ambao msomaji makini huutumia.

"Kumi na vinne," akasema.

Niliandika kumi na vinne kwa penseli, goti likiwa sakafuni. Kisha niliinuka.

Dirisha la programu lilikuwa wazi na halikuwa na picha. Lilikuwa la kijivu hafifu, rangi niliyolipa mwenyewe likae nayo kabla picha haijalala juu yake. Hapakuwa na doa hata moja.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ananitania, kwa kuwa ni desturi yake. Nilimtazama. Alikuwa amekaza macho kwenye skrini, kidole cha shahada kikiwa bado hewani pale alipokuwa anafuatia mistari, na uso wake haukuwa na utani.

Jambo moja halithibitishi kitu. Niliamuru programu ifungue picha ya pili. Ukijivu ulibaki vile vile.

"Na hii?"

Mara ya kwanza ilikuwa ajali. Hii ya pili niliifanya kwa makusudi, na sijapata njia ya kuielezea vinginevyo.

Alisogea karibu. Akahesabu kwa kidole. "Tisa. Seli nyeupe chache."

Niliketi kwenye stuli. Mrefu alikuwa ametoka kwenda kula; tulikuwa wawili. Nilirudi juu kwenye lile jedwali la mistari themanini na kuisoma mmoja mmoja, na kwenye mstari wa hamsini na kitu nikaukuta: uwezo wa kufungua picha za aina ile inayotolewa na kamera yetu, HAPANA. Maktaba ilikuwa imejengwa nzima nzima bila mlango wa kuingizia picha. Na ikishindwa kuifungua picha hailalamiki. Inarudisha utupu, nayo programu yangu ikaendelea kana kwamba imepewa kitu. Kosa lilikuwa langu mara mbili, na lilikuwa linarekebishika.

"Shemeji," nikasema, "hizo picha hazikufunguka. Ulichokuwa unakitazama ni dirisha tupu."

Hakugeuka. Aliushusha mkono wake taratibu na kuuweka mapajani.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na ya pili ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena, kazi isiyo na faida yoyote. "Wameniita Mama Jicho miaka ishirini," akasema. "Basi mtoto kaja."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anasema ana mtoto wa jicho. Macho yote mawili, alieleza, la kulia likiwa limetangulia. Daktari wa macho wa mji mwingine alimwambia mwishoni mwa mwezi wa tatu. Hakutaka kwenda kwa wa hapa. Upasuaji ni wa siku moja, lakini foleni yake ni ndefu na ukishajiandikisha cheti kinapita kwa mkuu wa maabara. Akaamua kusubiri. Kwenye hadubini, alisema, ile taa ya chini inamsaidia, anaona kiasi. Kwenye skrini haoni ila ukungu wenye rangi.

Nikamuuliza anavyosoma.

"Naanza na fomu. Daktari akiandika homa kali na kutetemeka, natafuta mpaka nipate. Akiandika kichwa tu, sitafuti sana. Usinitazame hivyo. Sikuoni, lakini najua unanitazama."

Nilimwambia kwamba nitaijenga maktaba upya na programu itafanya kazi, ila sahihi ya uthibitisho siwezi kuandika yake. Itabidi iwe ya mtu aliyeiona picha.

"Andika ya Mrefu," akasema, kana kwamba tulikuwa tunazungumzia nani akazime taa. Kisha akasimama na kwenda kwa mkuu wa maabara mwenyewe. Nilitaka kumsindikiza. Alikataa, akisema korido ile anaijua hata usiku wa giza, na kwamba kwa miezi mitano ameipita hivyo hivyo.

Alikaa huko dakika ishirini. Mkuu, nilivyoambiwa baadaye, hakupandisha sauti. Alimwondoa kwenye hadubini kuanzia dakika ile, akamwandikia barua ya kwenda kliniki ya macho, na akataka kujua jambo moja tu: ni slaidi ngapi. Maabara huhifadhi slaidi moja katika kila kumi kwa ajili ya marudio. Za shemeji tangu mwezi wa tatu zilijaza maboksi manne, slaidi mia nne. Aliyabeba mwenyewe kutoka stoo, mawili mawili, akayapanga mezani kwa mpangilio wa tarehe, akipapasa namba zilizochongwa ubavuni.

Nilipanda ofisi ya kumbukumbu mara ya saba kuleta kile kilichokosekana. Safari hii nilisoma jedwali lote kwa kidole kabla ya kubonyeza. Ujenzi ulikwisha jioni, picha zikafunguka, na sikuhisi furaha yoyote.

Alhamisi nzima Mrefu alizisoma upya slaidi hamsini za kwanza, kila moja akiipiga picha, na programu ikahesabu nyuma yake. Shemeji aliketi pembeni, fomu asizoweza kuzisoma kwa haraka zikiwa mapajani mwake, akanipa moja moja nimsomee. Kufikia saa kumi alasiri tulikuwa na matokeo. Mahali Mrefu na shemeji walipotofautiana ni slaidi tano: katika nne shemeji aliandika vimelea na havikuwapo, katika moja vilikuwapo na hakuviona. Programu ilitofautiana na Mrefu katika saba. Zote saba ilihesabu uchafu wa rangi inayopakwa slaidi kuwa vimelea.

Nilimsomea hesabu hizo kama zilivyokuwa.

"Ngoja," akasema. "Mimi tano, yeye saba?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kipofu kakushinda, shemeji." Alicheka, na Mrefu akacheka, na kwa muda kidogo chumba kilifanana na kilivyokuwa zamani. Kisha akaacha. "Ile moja. Nisomee ile moja."

Niliitafuta fomu. Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nne. Daktari alikuwa ameandika maumivu ya kichwa na uchovu, bila homa. Jibu lililotoka: hakuna vimelea. Mrefu alivihesabu thelathini na kimoja.

"Ni nani?"

"Mwanamke. Miaka hamsini na saba."

"Rika langu." Alinyoosha mkono kuelekea simu ya mezani, akaipapasa mpaka akaipata, akaivuta karibu. Mrefu alimwambia kazi hiyo mkuu ameisema itafanywa na ofisi ya wagonjwa, kesho, kwa barua. Shemeji alimwambia barua ziendelee. Kisha akanigeukia mimi, au upande niliokuwapo.

"Namba ya simu ipo kwenye fomu?"

"Ipo."

"Isome polepole."

Niliisoma. Vidole vyake havikukosea kitufe hata kimoja. Simu ile ameitumia miaka ishirini na sita. Nje ya dirisha mtu alikuwa anaanua mashuka. Kulikuwa na maboksi mengine matatu na nusu mezani, na kati ya hayo sikuweza kukadiria ni namba ngapi ningesoma.

Simu iliita mara sita, kisha ikapokewa.

"Habari za jioni," alisema shemeji. "Napiga kutoka maabara ya hospitali. Mimi ndiye niliyesoma damu ya mama, mwezi wa nne."