Kompyuta Isiyobebeka

Esteria alikuwa ameshajenga soko, zahanati na barabara mbili za lami, lakini mama yake hakuwa amejenga hata choo. Kila Jumamosi alasiri, mtoto akiwa Musoma mbele ya kompyuta aliyoachiwa na baba yake mdogo, na mama akiwa Kibondo na simu mkononi, waliingia pamoja katika mchezo ule wa kujenga mji. Na kila Jumamosi mambo yaliishia palepale: simu ilipata moto kama pasi, picha ikaganda, na mama, Ghati, akabaki amesimama katikati ya lami kama kisiki.

"Mama, sogea! Lori linakuja."

"Sisogei, mwanangu. Imekwama tena."

"Haya, limeshakupitia," Esteria alisema, akacheka. "Mama, nunua kompyuta. Ya gemu, siyo ya ofisini. Mimi nitakuchagulia."

Ndivyo lilivyoanza suala la kompyuta.

Ghati alikuwa mwalimu wa fizikia. Alipopangiwa Kibondo, Esteria alikuwa chekechea. Sasa alikuwa darasa la tano. Mume wa Ghati, Cleophas, alikuwa fundi wa pampu za maji kule Musoma, naye ni mtumishi wa serikali aliyeomba kuhamia Kibondo akakataliwa, asiyeweza kuiacha kazi yake kama Ghati asivyoweza kuiacha ya kwake. Mtoto akabaki kwa baba na bibi, na mama akaanza kuandika barua za uhamisho. Mara aliambiwa avumilie, mara aliambiwa aandike upya, mara barua haikujibiwa kabisa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la Ghati lilikuwa limeshazoea.

Mtu akiingia katika vyumba vyake viwili angedhani Ghati amefika jana. Hapakuwa na kabati wala kochi. Nguo zilining'inia kwenye kamba. Kila alichotaka kununua alikipima kwanza kwa macho: kitaingia kwenye buti ya basi? Kama hakiingii, hakukinunua. Wenzake shuleni walikuwa wamenunua viwanja, wamepanda migomba, wengine wameoa hapohapo. Yeye alikuwa mguu ndani, mguu nje, na kila mwaka ule mguu wa nje ulizidi kufa ganzi.

Cleophas aliposikia habari za kompyuta hakupinga. "Chukua laptop," alisema. "Uhamisho ukitoka unaitia begani, unaondoka."

"Laptop za gemu ni ghali, baba!" Esteria alidakia kwa nyuma. "Na zinapata moto. Mama aunge ya kwake, kipande kwa kipande."

Ghati akaanza kusoma. Alidhani ni jambo la kununua tu, akakuta ni jambo la kufungwa mikono. Prosesa hii, ubongo wa kompyuta, haikai kwenye maza ile, yaani ule ubao mkubwa ambao vipande vyote huchomekwa. Maza hii haikubali kumbukumbu ile ya RAM. Grafiki kadi, ile inayochora picha za gemu, inakula umeme mwingi kuliko pawasaplai ndogo, kile kisanduku cha kugawa umeme, inavyoweza kutoa, na pawasaplai kubwa haiingii kwenye keisi ndogo, lile kasha la nje. Ukichagua kimoja, umeshachaguliwa vingine. Lakini hesabu za wati na joto alizijua, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi alijikuta akitembea kwenda shule anawaza kitu kingine, siyo barua.

Likizo fupi ilipofika alikwenda Kasulu kwa fundi mmoja aliyeitwa Claude, kijana mwenye duka jembamba lililojaa nyaya na televisheni zilizofunguliwa matumbo.

"Mwakeye, madamu," Claude alimpokea kwa salamu ya Kiha. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapanga juu ya meza keisi mbili tupu. Moja ilikuwa ndogo, ya kompyuta za ofisini zilizokwishatumika. Nyingine ilikuwa kubwa, nyeusi, ubavu wake kioo, inamfikia mtu magotini.

"Hii ndogo utaibeba kama mtoto," alisema, "lakini grafiki kadi ya maana haiingii, na pawasaplai yake ndiyo hiyohiyo, hubadilishi. Hii kubwa utaongeza kitu miaka na miaka. Ila nzito, na kioo hiki hakipendi safari. Sasa niambie, utakaa Kibondo muda gani?"

Swali lilikuwa jepesi.

"Mpaka uhamisho utoke," Ghati alisema.

"Utatoka lini?"

"Sijui."

Claude akafuta vumbi kwenye kioo kwa kiganja. "Mama yangu alipovuka kutoka Burundi alikataa kupanda parachichi. Eti tutarudi, tutamwachia nani? Majirani wakapanda. Tumekua tunakula parachichi za majirani."

"Mimi si mkimbizi," Ghati alisema, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia.

"Ego, ndiyo, madamu. Na mimi si mkimbizi. Nimezaliwa hapahapa Kasulu." Alisema bila hasira, akazirudisha keisi zote mbili rafuni. "Nenda ukafikiri. Hazikimbii."

Ghati alirudi Kibondo mikono mitupu, uso ukiwaka kwa aibu.

Haikupita muda akampata Vestina. Kulikuwa na kundi la walimu kwenye simu, watu wanaotafuta wa kubadilishana naye kituo, na humo Vestina aliandika kwamba anafundisha Musoma, kwao ni Kasanda, hukuhuku upande wa Kibondo, mama yake mzazi anaumwa na hana wa kumwangalia. Ghati alisoma ujumbe ule akiwa amesimama jikoni, na maharage yakaungua. Walipigiana simu. Walicheka kama watu waliosoma pamoja. Vestina alimwambia kwenye nyumba yake ya Musoma maji ya jikoni yanatoka membamba, ni kubadilisha bomba tu. Ghati akamwambia yake inavuja upande mmoja mvua za Machi. Walikuwa wameshaanza kugawana nyumba.

Esteria aliambiwa. Mchezo ukasimama, mtoto akawa hazungumzii tena kompyuta, anazungumzia chumba, na nani atalala wapi.

Barua ilipaswa kuanzia kwa mkuu wa shule, Mwalimu Ildefonsi, Mha wa hapohapo Kibondo, mtu mpole, anayejua jina la kila mwanafunzi na la baba yake. Aliisoma yote, akavua miwani.

"Huyu mwenzako anafundisha nini?"

"Kiswahili na historia, mkuu."

"Walimu wa Kiswahili ninao watano, madamu. Wa fizikia ninaye nani?"

Dirishani watoto wa kidato cha pili walikuwa wanafagia uwanja, wanarushiana majani.

"Kabla hujaja," Ildefonsi aliendelea, "miaka miwili watoto hawa walikuwa wanaisoma fizikia kama shairi. Wanakariri, hawajui wanakariri nini. Nikipitisha barua hii nitawaambia nini wazazi wao?"

"Mkuu, kwa hiyo ningekuwa mwalimu mbaya ungenipitishia?"

Mzee aliivaa miwani tena. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Ungekuwa mwalimu mbaya," alisema taratibu, "nisingekuwa na sababu ya kukuzuia."

"Na mimi mwanangu nimwambie nini?"

"Hilo sina jibu lake. Nisamehe, mama." Akaikunja barua vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili, kama anayempa mtu zawadi.

Ghati alimpigia Vestina akiwa bado uwanjani. Vestina hakulia wala hakulalamika. Alisema, "Sawa, dada," kisha hakukata simu, wakakaa wote wawili wanasikilizana wakipumua, mpaka salio la mmoja wao likaisha.

Jioni ileile alimwambia Cleophas. Hakumwambia Esteria.

Kisha akampigia Claude. "Ile kubwa bado ipo?"

"Ipo."

"Niwekee. Na vingine andika." Akavitaja kimoja kimoja kutoka kichwani, kama anayeita mahudhurio: prosesa gani, maza ipi inayoikubali, RAM vipande viwili, pawasaplai yenye nguvu ya ziada, grafiki kadi ndefu yenye feni mbili. Hakusita popote. Vitu ambavyo wiki kadhaa vilimzungusha sasa vilijipanga vyenyewe, maana lile swali moja la Claude lililokosa jibu lilikuwa limejibiwa, na wa kulijibu hakuwa yeye.

Vipande vilitoka Dar es Salaam kwa basi. Ghati akaenda Kasulu Jumamosi asubuhi, wakaunga pamoja, Claude akishika bisibisi, Ghati akisoma maelekezo kwa sauti. Walipoiwasha, feni zilizunguka, taa zikawaka, lakini kioo cha skrini kikabaki cheusi. Walifungua, wakatoa RAM, wakarudisha. Cheusi. Claude akaanza kumsema muuzaji wa Dar. Ghati akazunguka nyuma ya mashine na kutazama.

"Claude, waya wa skrini umeuchomeka kwenye maza. Si tumeweka grafiki kadi? Picha inatokea huko."

Claude alijipiga paji la uso. "Mungu wangu! Na mimi ndiye nawacheka wateja kwa kosa hilohilo." Wakahamisha waya, picha ikajaa. Wote wawili wakapiga kelele mpaka muuza vitenge wa jirani akachungulia.

Kompyuta ilifika Kibondo imefungwa kwenye godoro dogo kuukuu, kama mgonjwa. Ghati alikuwa ameshamtengenezesha meza fundi seremala wa mtaani, mzee Gharibu, meza ya mbao nzito ambayo vijana wanne waliiingiza mlangoni kwa kuilaza ubavu. Aliiweka mashine juu yake. Chumba kikabadilika. Kwa mara ya kwanza kilionekana kinakaliwa na mtu, na Ghati alisimama mlangoni asijue afurahi au afanye nini.

Jumamosi iliyofuata aliingia mchezoni, akatembea. Aliona vitu ambavyo simu haikuwahi kumwonyesha: majani ya miti yanatikisika, maji ya mto yana kivuli cha daraja. Esteria alikuwa akiruka kule Musoma.

"Mama unakimbia! Njoo huku. Hapana, kulia! Jenga kitu, jenga chochote!"

Ghati akajenga kisima. Kilipinda, Esteria akacheka hadi akakohoa.

"Nipige picha niione," mtoto alisema. "Hiyo kompyuta."

Ghati akaipiga na kuituma, na alipoituma tu alitamani airudishe. Mchezoni, yule mtu mdogo anayeongozwa na Esteria alisimama.

"Mama. Ni kubwa."

"Ndiyo. Ina nafasi ya kutosha ndani."

"Na meza ni kubwa." "Mama, Madamu Vestina anakuja lini huko?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ule wa miaka yote: bado kidogo, mwanangu, wanashughulikia. Lakini mtoto alikuwa ameshaiona meza.

"Haji, Esteria. Wamekataa. Hapa hakuna mwalimu mwingine wa fizikia."

"Tangu lini unajua?"

"Kabla sijanunua."

Mtu wa Esteria akafifia, akatoka mchezoni, na Ghati akabaki peke yake kwenye mji ule, magari yakipita, taa za soko zikiwaka na kuzimika zenyewe. Alikaa muda mrefu, maana hakujua aende wapi.

Cleophas alipiga simu. "Mtoto amejifungia chumbani. Na mimi naona kwenye picha kitu ambacho sikuambiwa. Tulisema laptop, Ghati. Umeamua kukaa huko bila mimi?"

"Nimeamua nini mimi?" "Kuhama nimekataliwa. Wewe kuja huku umekataliwa. Nimechagua keisi, Cleophas. Hicho tu ndicho nilichoachiwa nichague."

Cleophas alikuwa mtu mwema; akaenda kumgongea mtoto mlango.

Jumamosi mbili Esteria hakuonekana mchezoni. Ghati aliingia hivyohivyo, akanyoosha kile kisima, akapanda miti kando ya mto, akatoka. Jumamosi ya tatu yule mtu mdogo wa Esteria alikuwa amesimama kando ya kisima, anamsubiri.

"Baba amesema mwezi wa sita ananileta huko," mtoto alisema, bila salamu. Sauti ilikuwa ya mtu mkubwa, mtu aliyekwishapanga mambo yake. "Likizo yote. Na ile ya Desemba pia. Nimechoka kukusubiri, mama. Nitakuwa nakuja mimi."

Ghati alifurahi mpaka machozi yakamtoka, na ndani ya furaha ileile akasikia mlango ukifungwa. Huko Musoma hakuna atakayeuliza tena anarudi lini. Hata bibi mtu ataacha kuuliza.

Jumatatu baada ya vipindi alipita kwa mzee Gharibu kuagiza kitanda.

"Cha mtoto, futi tatu," alisema. "Ana miaka kumi na moja."

Gharibu alichomoa penseli sikioni. "Anakuja kutembea, au kukaa?"

"Kutembea tu. Atakuwa anakuja kila likizo."

"Kila likizo, mpaka lini?"

Ghati akatazama maranda yaliyojaa sakafuni. Mzee akaona afadhali amsaidie.

"Basi madamu, cha futi tatu utapoteza mbao bure. Watoto wa siku hizi wanarefuka. Tumtengenezee cha mtu mzima, akae nacho hadi amalize sekondari."

Ghati alikipima kitanda kile kwa macho: kisingeingia kwenye buti ya basi.

"Kitengeneze," alisema, na Gharibu akaanza kupima mbao.