Gauni la Kudra Siku ya Kuandikishwa

…na mkono wenyewe wa Kudra si kwamba haufiki, unafika, jana tu uani alikuwa akilikamata hilo sikio la pili na kulivuta huku anacheka, sasa mbele ya Mwalimu Werema na daftari lake la darasa la kwanza mikono imemganda mbavuni, macho kwenye maua ya gauni, na Adija, mama yake, nyuma yake anajisemea moyoni, mtoto gani huyu, Mungu wangu, miaka saba na ukaidi wa bibi wa miaka sabini. "Pitisha mkono juu ya kichwa, binti, uguse sikio la upande ule," mwalimu anasema kwa mara ya tatu, "nisipoona sikio limeguswa, naandika umri bado, arudi mwakani." Mwakani… mwakani wenzake watakuwa wanasoma barua, yeye atakuwa bado anahesabu maua, na yule binti wa Mokami aliyetangulia kavaa shati la kaka yake, vifungo viwili hakuna, karusha mkono kama anafukuza nzi, kaandikwa, kapita, na Mokami mwenyewe bado yupo pembeni, haendi, anamtazama Kudra tu, "Lakini huyu mtoto wako ni mzuri, Mama Kudra, na hilo gauni sasa," na Kudra, aliyekuwa haangalii mtu, ananyanyua uso, anatabasamu, anajiweka sawa… eti anajiweka sawa, amri haisikii ila sifa anazisikia. "Kudra, nyanyua mkono." "Mama, mshono utaachia." Basi. Utaachia. Na Adija anataka kumlaumu Tamimu, ndiyo, fundi mzima wa Mugumu, anashonea watu mpaka wa Nyambureti, anashindwaje kumwachia bintiye nafasi kwapani, na kitambaa chenyewe kilivyopatikana kwa taabu, duka la kijiji, foleni tangu alfajiri, kugombana na nusu ya kijiji… lakini Tamimu alisema, alisema kabisa, mguu kwenye cherehani, "Hapa kwapani niongeze kipande, mtoto anacheza huyu," na nani alikataa, nani alisema kipande kitaharibu umbo, mikono ibane chini, ivimbe juu, na asubuhi hii tangu mlangoni ni nani aliyekuwa akisema, usikimbie Kudra, usichuchumae Kudra, usinyanyue mkono mshono utaachia, mara ngapi, mara kumi, mtoto ametii, ndiyo shida yenyewe, ametii mno… na sauti ile si yake hata, ni ya mama yake, kule Musoma, siku za wageni, Adija kwenye mkeka na gauni linalowasha shingo, kaa hapo usichafuke, kaka zake wakipita na vibao vyao kwenda shule, na kila mgeni, mtoto mzuri huyu, hatakosa mume, na kweli mume hakukosa, akakosa kusoma, mpaka mwaka jana kwenye kisomo cha watu wazima, mtu na watoto wake, kalamu inamteleza vidoleni, herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe ikimtoa machozi ya hasira, na ule uzuri wote haukumsaidia hata mstari mmoja… "Mama Kudra, wenzako wanangoja," mwalimu anasema, kalamu imeshainama kwenye karatasi. "Nisubiri kidogo, mwalimu." Gauni liwe zuri, sawa, nani kasema mtoto avae gunia, jioni litashonwa tena na kipande kitawekwa, cha rangi yoyote, hata cha kanga kuukuu, ila leo… anapiga magoti, anainama mpaka kwenye kwapa la mtoto linalonukia sabuni, anaushika uzi kwa meno, anaukata, anavuta, mshono unafunguka hadi mbavuni, Mokami anaguna, na Kudra anamtazama mama yake kana kwamba amempiga, midomo inaanza kutetemeka, mkono bado uko chini… alie tu, ila akalilie humo ndani, darasani, pamoja na wenzake.