Bi Mkubwa wa Uani

Uani, kati ya kamba ya kuanikia nguo na bafu la nje, palikuwa na pikipiki ambayo haikuwa imenguruma tangu mjukuu, Sindano, yuko kwenye nepi. Babu aliiita Bi Mkubwa. Bibi aliiita mke mwenza, na wala hakuwa anatania. Bibi alianika matambara kwenye usukani wake, paka alizalia chini ya tangi lake, na Babu alikikalia kiti chake kila asubuhi na kikombe cha chai, huku akikata kona ambazo hakuna mwingine aliyeziona. Mguu mmoja alivaa soksi ya kijani, mwingine soksi ya rangi yoyote iliyokuwa karibu, kwa sababu pacha wa ile ya kijani alipotelea kwenye kufua kwa Bibi miaka hiyo, na Babu hajasamehe mpaka leo.

Mambo yaliharibika Jumapili, wakati wa chakula cha mchana.

"Nimeongea na mnunuzi wa vyuma chakavu," alisema kaka mkubwa wa Sindano, mdomo umejaa. "Jumamosi anakuja na mzani wake. Pale uani najenga banda la mabata."

Babu aliacha kutafuna. Sindano naye aliacha. Yeye alikuwa fundi cherehani, na nguo za wateja alizipeleka kwa miguu, furushi kichwani. Wiki iliyopita tu gauni la bibi harusi lilikuwa limemponyoka likatua mtaroni, na alikuwa bado anaomba radhi.

"Usiiuze," alisema. "Nitaitengeneza mimi, niwe napelekea nguo."

Kaka alicheka mpaka akapaliwa. "Wewe? Kuendesha sawa, mjomba alikufundisha. Lakini kutengeneza! Umewahi kushika spana?"

"Spana ina tofauti gani na mkasi? Vyote vina midomo miwili."

"Haya! Ikinguruma kabla mnunuzi hajaipakia, nishonee gauni. Nitalivaa nikusindikize kwa wateja wako mtaa mzima. Isiponguruma, itauzwa kwa kilo, na banda la mabata utafagia wewe."

Sindano alivua futi ya kitambaa shingoni. "Simama nikupime kiuno."

Jumatatu, alipofunga duka lake la ushonaji, aliazima spana kwa fundi wa baiskeli akatandika shuka kuukuu uani. Kwa kuwa hakujua hili wala lile kuhusu mashine, aliifanya kazi hiyo kwa njia pekee aliyoijua. Kila alichokifungua alikilaza juu ya shuka, akakizungushia chaki kama anayechora mkono wa shati, kisha akaandika pembeni: "hiki kwa juu", "kinageukia ukutani", "kimebana, usilazimishe". Mpaka usiku unaingia shuka lote lilikuwa ramani.

Babu alisimamia, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Hiki ni nini, mume wangu?" aliuliza Sindano, ameshika kidude chenye matundu.

"Hicho?" Babu alikigeuza, akakinusa. "Hicho ndicho chenyewe."

"Chenyewe nini?"

"Kinachofanya kile kingine kifanye."

"Mume wangu, wewe hujui kitu."

"Mke wangu, mimi Bi Mkubwa nilimpenda kwa tabia. Sikumpasua tumbo."

Kidude kile kilikuwa kabureta. Hilo alilijua fundi wa baiskeli, aliyechungulia juu ya ukuta akicheka. Sindano aliisugua kwa petroli na mswaki wa zamani. Gasketi iliyochanika, ile ya kuziba maungio yasivuje, aliilaza juu ya karatasi nene ya gasketi, akaifuatisha na kukata nyingine kwa mkasi wake mzuri, ule ambao hata mama yake mzazi haruhusiwi kuugusa. Sponji ya kuchujia hewa ilikuwa imegeuka unga, basi akafumua koti moja la zamani, akatoa mito ya mabega, akaishindilia pale. Plagi alinunua mpya. Jumatano alijiona fundi kamili, hata akapata muda wa kushona gauni la kaka yake: la njano, la marinda, mikono imevimba kama maputo.

Alhamisi alirudi kutoka dukani akakuta shuka linapepea kwenye kamba. Jeupe! Halina hata alama moja ya chaki. Na vyuma vyote, kuanzia skrubu hadi cheni, vimerundikwa ndani ya beseni.

"Bibi!"

"Nini? Mtu hafui shuka?" Bibi alitokea na mikono yenye povu. "Limejaa michoro na mafuta, aibu tupu. Na vyuma vyako nimevisugua kwa sabuni. Tazama vinavyong'aa! Hata asante hamna."

Sindano alijibwaga chini, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nyuma yake kaka mkubwa alikuwa akipima kwa hatua mahali pa banda, huku akipiga mluzi. "Mlango wa mabata utakuwa hapa," alisema. "Fagio nitakununulia lenye mpini mrefu. Mimi si mkatili."

Akiwa na hasira, Sindano aliokota kipande cha bati kwenye beseni ili akirushe. Hakukirusha. Upande mmoja kilikuwa kimepauka, ila katikati palikuwa na duara la rangi nyekundu kabisa, kama iliyopakwa jana. Aliwahi kuliona jambo hilo mara nyingi. Ukifumua koti la zamani, kitambaa kilichofichwa na mshono huwa hakijapauka, na ukipachunguza unaona kilichokuwa kimeshonwa pale. Alitafuta kwenye beseni kitu chenye ukubwa wa duara lile, akakijaribisha. Kilikaa tuli.

"Babu," alisema, "niletee miwani yako."

Ijumaa hakufungua duka. Alisoma kila chuma: palipong'aa, palipochakaa, palipoachwa na alama ya kukaliwa na mwenzake. Alipomaliza, Bi Mkubwa alikuwa amesimama na viungo vyake vyote, isipokuwa springi moja iliyobaki kiganjani bila kwao.

"Ya akiba hiyo," alisema Babu kwa uhakika mkubwa. Sindano akaitia kwenye kopo la pini.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma alifika na mkokoteni na mzani wa ndoano. Sindano alipiga kiki. Kimya kama maji mtungini. Akapiga tena, pikipiki ikapiga chafya ndogo, ikanyamaza.

"Tundika ndoano, bwana," alisema kaka.

"Ngoja!" Sindano aliweka kiganja nyuma ya bomba la moshi. "Babu, piga wewe." Babu akapiga kiki. Kiganjani haikufika hata pumzi. "Haipumui! Kuna kitu kooni."

Bibi alikohoa. "Kwani lazima? Mabata nao ni wazuri tu." Kisha akautazama ua wake msafi, akawafikiria mabata na vinyesi vyao, akauma mdomo. "Ingiza waya, mwanangu. Ingiza mpaka mwisho."

Sindano aliingiza waya, akachokoa, akavuta, akachokoa tena. Kitu kililegea lakini hakikutoka. Akarudi kwenye kiki, akaipanda kwa uzito wake wote.

Pwaa! Mlipuko uliwatawanya kuku wa jirani. Kitu cheusi kiliruka kutoka bombani, kikampiga kaka mkubwa kifuani na kuangukia mguuni pa Babu. Na Bi Mkubwa akanguruma. Akanguruma mpaka vyombo vikatetemeka jikoni.

Babu aliinama akaokota. Ilikuwa soksi. Chini ya masizi, ukingo wake ulikuwa wa kijani. Aliitazama, akautazama mguu wake, kisha akamgeukia mkewe polepole.

"Mnanitazamia nini?" alisema Bibi. "Miaka ile kila asubuhi alimtoa huyu, jioni ndiyo alimrudisha! Mimi hata dukani sikupandishwa. Nikamziba mdomo."

"Ungesema tu nikupandishe!"

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

Babu alipangusa kiti kwa ile soksi, akamkaribisha Bibi akae, na Bi Mkubwa akawazungusha uani taratibu, mara mbili, Bibi amenyoosha shingo kama waziri. Mnunuzi wa vyuma alicheka mpaka akasahau mzani wake.

Kaka mkubwa alikuwa ameshafika getini kwa kunyata.

"Unakwenda wapi, mrembo?" aliita Sindano, gauni mkononi.

Kiunoni lilimkaa sawasawa. Alipanda nyuma, amekumbatia furushi la nguo, marinda yanapeperuka, na mtaa mzima ukatoka nje. Kwenye nyumba ya mteja wa kwanza, nesi mstaafu, Sindano alishuka na kuteremsha stendi. Stendi ilining'inia kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Akaikumbuka ile springi.

"Kaka, ishike isianguke."

"Hapa? Barabarani?"

"Dakika moja tu."

Nesi mstaafu alikawia kujaribu blauzi yake. Alipotoka alimwona bwana mmoja mwenye ndevu amekumbatia usukani, mikono imevimba kama maputo, amenuna. Alimzunguka, akashika rinda, akalipima kwa vidole.

"Fundi," alisema, "nami nishonee kama hili. Ila mikono usiivimbishe sana."

Kwa mteja wa pili kaka alisema kwa sauti ya kubembeleza, "Dada yangu, ile springi si ipo nyumbani? Turudi tukaiweke."

"Ipo," alisema Sindano, akichukua furushi. "Kwenye kopo la pini. Haina haraka."