Utando wa Kidonda

Muuzaji wa duka la dawa hakumwamini wifi yake hata kwa maji ya kunywa. Huyo mke wa kaka ndiye aliyemtunza mama yao mchana kutwa, na kidonda cha mama, kilichoanzia kwenye msumari wa kiatu, kilikuwa kimeingia wiki ya saba mguuni bila kufunga. Daktari alishasema wazi: kisipoonyesha dalili ya kupona kufikia Jumatatu, mguu unakatwa.

Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani, binti alifungua bendeji akakuta utando mwembamba unaong'aa pembeni mwa kidonda. Harufu ya majani ya shubiri, dawa ya wifi, ilimpanda puani. Basi alichukua pamba na spiriti, akausugua utando mpaka ukatoka wote, mama naye akiuma upindo wa shuka na kutazama ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na hiki chao walikuwa wamekitolea mahari.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akarudi kimyakimya na kujibanza nyuma ya pazia la chumba cha mama. Simu alikuwa nayo mkononi, apige picha kaka ajionee mwenyewe.

Wifi aliingia, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Alikata jani la shubiri, akalisimamisha kikombeni hadi utomvu wote wa manjano ukachuruzika, akalimenya na kuliosha kwa maji yaliyochemshwa. Alipofungua bendeji aliguna.

“Leo tena,” alisema. “Mama, nani anakuchuna hivi?”

Binti akatoka nyuma ya pazia.

“Ni mimi. Nautoa uchafu wako kila asubuhi.”

Wifi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia binti hofu.

“Dawa yangu naiosha yote jioni kabla ya kufunga, wifi. Inabaki harufu tu. Hicho unachokikuta asubuhi ni ngozi mpya.”

Binti aliinama akakitazama kidonda kama ndiyo kwanza anakiona. Kulibaki siku mbili na kitu kabla ya Jumatatu. Alimgeukia mama yake, akamuuliza kwa nini hakumzuia, ilhali alikuwa akiumia.

“Wewe ndiye wa duka la dawa, mwanangu,” mama alisema. “Nilidhani unajua.”