Boliti Mbili za Mbele

Selina alilala kifudifudi kwenye sitaha ya boti ya mzee Kashaija, ufukweni Ilemela, mkono umezama hadi begani ndani ya tundu la kukagulia. Alikuwa akifunga kigingi cha chuma cha kuvutia boti nyingine. Boliti mbili za nyuma alishazivalisha bamba na nati kwa chini, zikakazika vizuri. Za mbele, ambazo ndizo zingebeba mvuto, zilitokea nyuma ya tangi la mafuta. Vidole havikufika.

"Mzee, hizi hazishikiki. Inabidi nikate sitaha, nifunge, nizibe kwa faiba. Mpaka kesho jioni."

"Kesho jioni watakuwa wapi, Selina?"

Ziwani, boti iliyozimika injini ilikuwa inasukumwa na upepo kuelekea kwenye miamba, na mmoja wa watu tisa waliokuwamo alikuwa Luhende, mdogo wake. Asubuhi alikuwa amepiga simu, sauti inakatika: "Dada, mje upesi." Boti nyingine yenye injini ya kuvuta haikuwepo karibu.

Selina akachukua skrubu ndefu na gundi, azikaze kutoka juu mahali pa boliti za mbele. Alijua mbao za chini ya sitaha zimeanza kulainika kwa kuoza. Akakaza hata hivyo, na mwenyewe akapanda.

Waliwakuta saa tisa mchana. Luhende alisimama sehemu ya mbele ya boti yao, akaidaka kamba, akaifunga, akampungia mkono. Wakaanza kuvuta. Kwa muda boti ilifuata. Selina alichuchumaa kando ya kigingi, akaona ukingo wake wa mbele unainuka, upana wa ukucha, halafu wa kidole.

"Punguza, mzee! Kinang'oka!"

Wimbi likainua boti ya nyuma, kamba ikakazika. Kigingi kiling'oka na kipande cha sitaha, kikaruka majini. Boti ya akina Luhende ikageuka ubavu, ikabamizwa kwenye mwamba.

Waliokoa sita. Walizunguka mpaka mafuta yakakaribia kwisha, Selina akiita jina moja tu.

Siku ya nne, Luhende akiwa bado hajapatikana, Selina alikwenda Buhongwa kwa mama yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanasema mlimfikia."

"Tulimfikia."

Mama alisubiri aendelee. Selina akakaa chini sakafuni miguuni pake.