Sweta Kavu

Taa zote za simu mezani pangu zilikuwa zinawaka, na nyuma ya kila taa kulikuwa na mtu mwenye hasira. Kazi yangu pale redioni ilikuwa kuwapokea: nisikie mtu anataka kusema nini, kisha nimpitishe kwa mtangazaji au nimkate. Walevi niliwakata. Watukanaji niliwakata. Ndugu wa mtu yeyote aliyetajwa kwenye kesi hawakuruhusiwa kabisa hewani.

Mtangazaji tulimwita Kasuku, maana hakuwahi kukutana na ukimya akauacha uishi. Asubuhi ile alikuwa na swali moja tu: yule askari anayeshtakiwa kwa kifo cha fundi simu aliyefia mahabusu, afungwe au aachiwe?

"Aliingia anatembea, akatoka amebebwa," alisema dereva mmoja. "Mnataka ushahidi gani tena?"

"Askari naye ana mama," akajibu mwalimu aliyefuata. "Tusimfunge mtu kwa midomo yetu."

"Ndiyo hayo, mkuki kwa nguruwe!" mwanamke mmoja akadakia. "Angekuwa mwanao aliyelala pale chini, ungeongea hivyo?"

Hakuna mtu kazini aliyejua kwamba mama wa huyo askari ndiye mama yangu. Mimi na mdogo wangu tulichangia tumbo, hatukuchangia baba, kwa hiyo majina yetu hayakufanana. Watu walimtukana sikioni mwangu kuanzia asubuhi, nami niliwashukuru kwa kupiga simu.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimekwenda mahakamani. Nilikaa benchi la nyuma, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi. Polisi walikuwa wameshaeleza kwamba fundi yule aliugua usingizini, na kwamba hakuna aliyemgusa. Kisha daktari akapanda kizimbani. Alisema shati na suruali ya marehemu vilikuwa vimelowa chapachapa, lakini sweta alilovaa juu yake lilikuwa kavu. Wakili akaliinua sote tulione: la kijivu, lenye mstari wa kijani kwenye pindo la mikono. Mama wa marehemu alilitazama kwa muda, akatikisa kichwa. Halikuwa la mwanawe.

Baadaye mdogo wangu aliapa kwamba usiku ule hakuufungua mlango wa mahabusu, wala hakumwona mtu akiufungua. Aliyasema hayo akitazama ukuta.

Mama yetu ni mfumaji wa masweta ya shule. Tulipokuwa wadogo alitutilia mstari wa kijani mikononi ili tusibadilishiwe na watoto wenzetu, na hata tulipokuwa watu wazima, kila alipotufumia, mstari ule aliuweka. Mimi mwenyewe nilikuwa na sweta lenye mstari huo kabatini kwangu. Sikuhitaji daktari wa kunieleza ni sweta la nani.

Nilimkuta mdogo wangu ukumbini, anangoja wakili wake. Alikuwa nje kwa dhamana, na alikuwa amekonda hadi kola inamzunguka.

"Lile sweta," nilianza.

"Dada, nyamaza." Huyu ndiye niliyembeba mgongoni, na sauti ile sikuijua. "Mwenzangu wa zamu alitaka kusema. Unajua yuko wapi sasa hivi?"

"Sijui."

"Hata mkewe hajui."

Nilirudi nyumbani nimefunga mdomo, na nakiri nilijifariji. Mama hasomi magazeti. Anasema wino wake unamchafulia uzi. Nikasahau kwamba redio huwa wazi kando ya mashine yake kutwa nzima, na kwamba anaifungua kwa ajili yangu.

Basi asubuhi ile nikapokea laini ya mwisho.

"Karibu kipindini. Naongea na nani?"

"Mama yako."

Nilijikuta nimesimama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Niunganishe."

"Mama, ndugu hawaruhusiwi."

"Sipigi kama ndugu. Napiga kama mfumaji."

Niliinama, nikafunika kinywa kwa kiganja. "Unajua mwanao aliapa nini jana?"

"Redio yenu haikuimba kingine tangu jana. Najua."

"Basi unajua ukifungua mdomo..."

"Najua, mama. Niunganishe kabla sijaogopa."

Nilimchukia. Nasema kweli, pale mezani nilimchukia mama yangu. Damu nzito kuliko maji: maneno hayo alitulea nayo yeye mwenyewe. Nyuma ya kioo Kasuku alikuwa ananipungia mkono, anataka mtu mwingine. Ningeweza kuikata ile simu. Simu hukatika kila siku, hakuna ambaye angeuliza. Lakini nilimwona tena yule mama mwingine akitikisa kichwa mbele ya sweta lisilo la mwanawe, nikabonyeza.

"Mimi ni mfumaji," sauti ya mama ikasema katika nyumba zote, madukani na magarini. "Lile sweta nimelifuma mimi. Nilimfumia mwanangu, huyo askari mnayebishana habari zake. Siku aliyokufa yule fundi, alirudi alfajiri bila sweta, anatetemeka. Nikamuuliza liko wapi, akasema amempa mtu mwenye baridi kuliko yeye. Nilifurahi. Nilijiambia, nimezaa mtu. Sasa nasikia yule kijana alikuwa amelowa. Aliyemvalisha sweta alimkuta hai. Na aliyemkuta amelowa anajua nani alimmwagia maji. Mwanangu, sema. Nimemaliza."

Kasuku alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Fundi mitambo akaweka muziki bila kuambiwa.

Nilirudi kwenye laini nikiwa nalia, kamasi na yote. "Mama, bado upo?"

"Nipo. Nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri." Macho ya mama yalikuwa yamezeeka, hayaoni tena vitufe vya simu, na hapo ndipo nilipozinduka. "Nani amekupigia hizo namba?"

"Mdogo wako. Jana nilimuuliza habari za sweta, akaikoroga chai hadi ikapoa. Leo nikamwambia, nipigie redioni. Akanitazama weee, kisha akapiga." Akashusha sauti. "Yuko hapa. Amekaa sakafuni, amenishika pindo la gauni."

"Mwambie afunge mlango, Mama."

"Ameshafunga," mama akasema. "Na madirisha pia."